Kompyuta Isiyowashwa

Deodatus Rweyemamu alikuwa mtu wa kanuni. Maabara ya kompyuta aliyoitunza, katika chuo cha ualimu kilichojengwa juu ya majabali ya ufukweni upande wa Ilemela, ilikuwa na kanuni kumi na mbili zilizobandikwa mlangoni, na zote alizitunga mwenyewe, mojamoja, kadiri wanafunzi walivyompa sababu. Ya kuvua viatu aliitunga msimu wa mvua, baada ya kufagia tope wiki nzima. Ya kutokula ndani ilizaliwa siku alipogeuza kibodi na punje za wali zikamdondokea mapajani. Ya saa moja kwa kila mtu ilizaliwa na ugomvi ambao hadi leo hapendi kuusimulia. Na ya mapazia kufungwa muda wote ilikuwa ni kwa ajili ya jua la mchana, ambalo lilipiga ziwani, likaruka, likaingia madirishani na kuchezacheza darini kama vile chumba chote kimezama majini.

Kompyuta zilikuwa thelathini, za msaada, zile ambazo mashine na kioo ni kipande kimoja, na vioo vyake vinang'aa. Zilipangwa safu tano, zote zikiyapa madirisha uso, hivyo aliyeketi mbele yake alilipa ziwa mgongo. Mlangoni kulikuwa na meza ya Deodatus, na juu ya meza rejesta. Mwanafunzi aliandika jina, namba ya kompyuta, muda wa kuingia, na katika mstari wa mwisho, dhumuni. Wengi waliandika "kazi ya somo", hata wale waliokuja kutazama harusi za watu.

Ni katika mstari huo wa dhumuni ndipo alipomwona kwanza Kija Luhende. Aliandika neno moja tu: "Kukaa."

Deodatus alidhani ni utani wa vijana. Lakini alipoinua macho akamwona binti mrefu, mtulivu, wa mwaka wa kwanza, kitenge kimefungwa juu ya sketi, anapita kati ya meza peku bila kutoa sauti, hadi kwenye kompyuta namba kumi na saba. Akavuta kiti. Akaketi. Akaweka mikono miwili mapajani, akatazama kioo cheusi mbele yake, na hakukiwasha.

Alikaa hivyo saa nzima. Muda ulipofika akainuka, akaja mezani, akaweka sahihi, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka.

Kesho yake saa nane mchana akaja tena, na keshokutwa. Daima kumi na saba, na daima kioo cheusi. Akiikuta ina mtu, alisubiri nje kwenye benchi hadi iachwe, ingawa zingine zilikuwa wazi. Feni ziliimba darini, kibodi ziligongwa pande zote kama mvua ndogo juu ya bati, na katikati ya shughuli zote hizo yeye alikaa kama mtu aliye peke yake kwenye baraza ya nyumba yao.

Siku ya tano Deodatus alimwendea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Binti, hii mashine ina tatizo?"

"Haina, mwalimu."

"Labda hujui kuiwasha. Kitufe kiko hapa chini, upande wa kulia."

"Nakijua."

"Sasa?"

Kija alimgeukia. Hakukuwa na ujeuri usoni pake. "Nimevunja kanuni ya ngapi, mwalimu?"

Deodatus akafungua mdomo. Akazipitia zote kumi na mbili kichwani, kuanzia viatu hadi kutopakua michezo, na hakuna hata moja iliyosema kwamba kompyuta lazima iwashwe. Katika miaka kumi na minne ya kutunza maabara, halikuwahi kumjia wazo kwamba ingehitajika.

"Hujavunja," akasema, akarudi mezani kwake akiwa amefadhaika.

Jioni, nyumbani Kiseke, alimsimulia mke wake. Bernadetta alikuwa muuguzi, ametoka zamu, miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Labda amechoka," Bernadetta alisema.

"Kuna vitanda bwenini."

"Bwenini wanalala wanane chumba kimoja, wewe mwenyewe uliniambia. Wewe unataka afanye nini?"

"Aiwashe."

"Akishaiwasha?"

Swali hilo lilimkera Deodatus kuliko alivyotaka kuonyesha. Akaenda kumwagilia mchicha.

Haikupita wiki, malalamiko yakafika. Aliyeyaleta alikuwa Shigela, waziri wa taaluma katika serikali ya wanafunzi, kijana mwembamba wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Alikuja na karatasi. Wanafunzi wanasubiri kwenye foleni, alisema, huku mtu mmoja amekalia kompyuta iliyozimwa. Hilo ni haki? Deodatus alijua si haki. Kamati ya taaluma ikakaa, makamu mkuu wa chuo, Mama Rose, akaongoza kikao, na Deodatus akaombwa kuandika kanuni mpya. Aliiandika kwa mwandiko wake wa kulala kidogo, kisha akaichapa:

"13. Mwanafunzi aliyepewa kompyuta aiwashe ndani ya dakika tano na afanye kazi ya masomo. Asiyefanya hivyo ampishe mwenzake."

Aliibandika Jumatatu asubuhi. Saa nane Kija akafika, akavua viatu, akasimama mlangoni akiisoma. Aliisoma mara mbili. Halafu akaingia, akaenda kumi na saba, akabonyeza kitufe.

Kompyuta ikaamka. Mwanga mweupe ukampiga usoni, na Deodatus, aliyekuwa akimchungulia juu ya miwani, aliona uso ule ukijifunga kama dirisha. Binti alikaa dakika kumi, macho ameyainamishia kibodi, kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Kisha akaizima vizuri kwa kufuata hatua zote, akaja kuweka sahihi, akaondoka. Hakurudi kesho yake. Wala keshokutwa.

Kanuni ilikuwa imefanya kazi. Foleni ilipungua, Shigela alikuja kushukuru. Lakini Deodatus alijikuta kila ikifika saa nane anautazama mlango.

Siku ya Jumatano wiki iliyofuata aliambiwa kwamba kibodi ya kumi na saba inanata herufi. Alisubiri saa ya chakula, maabara ilipobaki tupu, akaketi, akaizima mashine ili achomoe waya. Kioo kikawa cheusi.

Na ndani ya weusi ule kukawa na ziwa.

Alidhani macho yamemdanganya. Akageuka nyuma. Pazia lililokuwa mkabala na kumi na saba lilikuwa limepoteza ndoano mbili tangu mwaka jana, na likaacha upenyo wa upana wa mkono. Alishaandika barua mbili za kuomba ndoano. Kupitia upenyo ule, nje kabisa, lilikuwa ziwa lile lile ambalo amepita kando yake kila siku, na hakuwa amelitazama tangu sijui lini, kwa sababu ziwa kwa mtu wa Mwanza ni kama ukuta wa nyumba yake.

Akakigeukia kioo tena. Mle ndani maji yalikuwa ya rangi nyingine, rangi ya majani ya chai yaliyokolea, na yalitulia. Majabali yalikuwa yamesimama kama ng'ombe walioingia kunywa. Ndege mmoja wa kuvua samaki, wa madoa meusi na meupe, alikuwa ameganda hewani, mabawa yanatetema, halafu akajitupa chini bila kishindo chochote. Mtumbwi wa tanga ulipita taratibu kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, ukipita juu ya alama ya kidole ambayo mtu aliiacha, ukaimaliza, ukaendelea. Deodatus alisahau kibodi. Alikumbuka asubuhi za utoto wake Muleba, ukungu ukikaa juu ya migomba, na yeye amesimama mlangoni na kikombe cha uji, hana la kufanya, hajatumwa popote. Alikumbuka hata joto la kikombe.

"Mwalimu? Saa nane imefika. Mbona umezima?"

Alikuwa Shigela, na nyuma yake foleni yote. Deodatus alishtuka kama mtu aliyekutwa anatafuna nyama siku ya Ijumaa Kuu. Akaangalia saa yake. Alikuwa amekaa pale dakika hamsini.

Kuanzia siku ile alianza kumwona Kija hata mahali ambapo hakumtafuta. Kulikuwa na njia mbili za kutoka mabwenini kwenda madarasani. Moja ilikuwa ngazi za mawe kando ya maji, ambako kila mtu alipita kwa sababu ya upepo. Nyingine ilizunguka nyuma ya jiko, ikapita kwenye majivu na chumba cha jenereta. Kija alipita nyuma ya jiko. Bwaloni aliketi akiutazama ukuta. Kwenye mistari ya asubuhi, wimbo wa taifa ukiimbwa na bendera ikipanda, wote waliinua macho kuelekea bendera na ziwa lililo nyuma yake. Yeye peke yake alitazama visigino vya aliye mbele yake. Watu walidhani ana maringo. Deodatus naye alikuwa amedhani hivyo.

Alimkuta Alhamisi ya wiki iliyofuata nyuma ya jiko, karibu na kuni.

"Kija."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nilikaa pale," Deodatus alisema. "Kwenye kumi na saba. Ikiwa imezimwa."

Wapishi walikuwa wanacheka huko ndani, na sufuria zilikuwa zinagongana.

"Ukaona?" Kija akauliza hatimaye.

"Niliona."

Ndipo Kija akamweleza, amesimama, huku akibandua magome ya gogo kwa kucha. Kwao ni Magu, kijiji cha pembezoni mwa ghuba. Baba yake, Luhende, analima pamba na mpunga. Mama yake ndiye aliyekuwa anavusha mchele kwenda visiwani kwa mtumbwi wa injini, kila Ijumaa, na kurudi Jumamosi jioni. Jumamosi moja, miaka mitatu iliyopita, Kija alikwenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kumpokea kama kawaida, na kata yake ya kubebea mzigo kichwani. Mchana kulikuwa na upepo, lakini saa kumi upepo ulikuwa umeshakwenda zake. Akangoja. Wengine waliokuja kupokea watu wao walianza kuulizana. Wanaume wakasukuma mitumbwi kwenda kutafuta.

"Mimi nilibaki nimesimama," alisema. "Na ziwa lilikuwa zuri, mwalimu. Sijawahi kuliona zuri vile. Jua linashuka, maji yametulia, hata kiwimbi hakuna. Limemmeza mama yangu mchana, halafu jioni linakaa vile, kama halijui. Nilisema sitalitazama tena usoni. Sikulitazama miaka mitatu. Halafu wakanipangia chuo, nikafika hapa, kila dirisha ziwa."

"Na kwenye kompyuta?"

"Siku ya kwanza ya somo la kompyuta, kabla hatujawasha, nikaliona mle ndani. Nilitaka kutoka. Lakini lilikuwa dogo, na jeusi, na halina sauti. Nikaona naweza. Na mle, mitumbwi inayoondoka unaiona kama inarudi." Akatupa gome moja kando. "Nikasema nijizoeze kidogo kidogo. Nitafundisha wapi mkoa huu nisione ziwa?"

"Mbona hukuniambia, binti yangu?"

"Ningekwambia nini? Uliuliza kama mashine ina tatizo."

Deodatus aliondoka pale akiwaza la kufanya. Kuiondoa kanuni ya kumi na tatu asingeweza, maana kamati ilikuwa imeipitisha, na tena ilikuwa kanuni ya haki. Foleni ilikuwa foleni kweli. Usiku ule alilala vizuri tu, kwa sababu alikuwa ameshaamua, na asubuhi alifika kazini kabla ya mlinzi kubadilisha zamu. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: "MBOVU. ISITUMIWE." Akaigundisha kwa utepe kwenye ukingo wa juu wa kumi na saba. Kisha akafungua daftari la vifaa, ambalo kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuandika ndani yake neno la uongo, na kwenye mstari wa namba hiyo akaandika: "Inasubiri fundi." Fundi mwenyewe alikuwa ni yeye.

Ili mizani isilale upande mmoja, alibeba kompyuta ya mezani kwake, akaiweka mwisho wa safu ya tano, akaipa namba thelathini na moja. Tangu hapo ripoti zake aliziandika kwa kalamu.

Deodatus akamtumia neno kwamba aje, na Kija akarudi Ijumaa hiyo hiyo. Alisoma ile karatasi ya ubovu, akamgeukia Deodatus aliyekuwa amezama kwenye rejesta kana kwamba inamhusu sana. Akaketi.

"Mwalimu," Shigela alinong'ona siku tatu baadaye, "yule amekaa kwenye mbovu."

"Umekosa kompyuta wewe?"

"Hapana."

"Kanuni gani inakataza kukaa kwenye mbovu?"

Shigela aliutazama mlango uliobandikwa kanuni, akafikiri kwa uaminifu, akaenda zake.

Zikafuata wiki ambazo baadaye Deodatus alizikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana wa siku ya mvua. Saa nane Kija anaingia peku. Feni zinaimba. Kwenye dari, pale juu ya upenyo, kipande cha mwanga wa maji kinatikisika, kinarefuka, kinakatika, kinaungana. Hawakuongea. Lakini alipokuja kuweka sahihi alikuwa akiacha neno moja moja, kama mtu anayelipia kiti. "Leo kuna mawimbi meupe." "Leo kuna magugu maji, yamekuja kama kisiwa, na ndege wamepanda juu yake." "Leo kuna wanawake wanaosha sufuria." Katika mstari wa dhumuni hakuandika tena "Kukaa". Aliandika "Mazoezi", na Deodatus aliona kwamba haikuwa uongo.

Siku moja alimwona ameinua mkono na kugusa kioo kwa ncha ya kidole, pale maji yalipokuwa, halafu akauondoa haraka.

Mwezi wa tano ukafika, na jaribio la kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Mkufunzi wao alikuwa Ngosha, mtu wa sauti kubwa na roho nyepesi, na aliwapanga wanafunzi kwa orodha ya majina. Kija akaangukia namba nne, safu ya mbele, katikati. Deodatus alikuwa amesimama mlangoni. Saa tano kasoro, wanafunzi wakiwa wanahangaika na jedwali la alama za wanafunzi wa kubuni, umeme ukakatika.

Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Mlio wa mashine zote ulizimika kwa pamoja, na ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu walisikia maji yakipiga majabali huko chini. Kisha kelele: "Aaah! Kazi yangu!" "Mwalimu, sikuhifadhi!"

"Tulieni!" Ngosha alisema. "Hakuna atakayeonewa, tutalirudia Alhamisi. Joto hili litatuua, hebu fungueni mapazia hayo."

Deodatus aliinua mkono. Alitaka kusema, hapana, kanuni ya tisa. Lakini wanafunzi wa nyuma walikuwa wameshasimama, na pete za mapazia zikalia juu ya fimbo zake kutoka upande huu hadi upande ule, *shaaa*.

Ziwa likaingia katika kompyuta zote.

Thelathini na moja, na katika kila moja maji, katika kila moja anga, na majabali yale yale, na ndege yule yule ameganda hewani mara thelathini na moja. Wanafunzi wengine walicheka. Mmoja alijirekebisha nywele kwenye kioo. Msichana aliyeitwa Precious alitoa simu apige picha, halafu akakumbuka kanuni akairudisha mfukoni. Kija alikuwa amekaa katikati ya vioo hivyo, mikono mapajani, na popote alipoyapeleka macho yake, kulia, kushoto, mbele, ziwa lilikuwepo, na mwanga wake ulikuwa unatambaa kwenye kuta na juu ya mabega ya wenzake waliovaa mashati meupe, hata Deodatus akahisi kama sakafu imelegea na chumba kimeng'oka kinaelea.

Alitaka kwenda kumshika mkono amtoe. Hatua ya kwanza aliipiga. Ya pili hakuipiga, kwa sababu Kija alikuwa amesimama.

Alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza. Kisha, polepole, kama anayegeuka akiwa na ndoo iliyojaa kichwani, akageuka nyuma.

Akalitazama dirishani. Hakulia. Alilitazama kwa kitambo, kidevu kimeinuka, kama mtu anayemtazama ndugu waliyegombana naye akiingia msibani. Halafu akapita kati ya safu, akampita Ngosha aliyekuwa anasema, "We binti, wapi?", akampita Deodatus, akatoka nje bila kuvaa viatu, akashika ngazi za mawe kuelekea chini.

Deodatus alimfuata kwa mbali. Huko chini pana jabali pana, bapa, ambalo wanafunzi hulitumia kuanikia nguo. Kija alikuwa amesimama mwisho wake, maji yanafika karibu na vidole vya miguu.

"Linanuka," alisema bila kugeuka. Alijua ni nani.

"Linanuka nini?"

"Dagaa. Na ule ukijani wa mawe. Nilikuwa nimesahau. Kule kwenye kioo halinuki." Akavuta pumzi tena, ndefu. "Kanga za mama, za mayu, zilikuwa na harufu hii hii. Hata akizifua."

Akachuchumaa, akanyoosha mkono, akayagusa maji kwa mgongo wa vidole, jinsi mama anavyogusa paji la mtoto kuona kama homa imeshuka. Ndipo machozi yakamtoka. Aliyaacha yatoke. Deodatus alikaa juu ya jabali, hatua kadhaa nyuma, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Jaribio Kija alilirudia Alhamisi pamoja na wenzake, akafaulu kwa alama za kawaida tu. Baada ya wiki mbili wakaguzi wa vifaa walipita, wakabandua ile karatasi ya ubovu, wakabonyeza kitufe, na namba kumi na saba ikawaka bila hiana. Mama Rose alimwita Deodatus ofisini, akamuuliza mara tatu, na mara tatu Deodatus akasema kosa ni lake. Barua ya onyo aliipokea kwa mikono miwili. Bernadetta aliisoma chakula kilipoiva, akaikunja, akasema kwamba katika miaka yote ya ndoa hii ndiyo karatasi ya kwanza ya ofisini kwake iliyompendeza.

Lakini hayo yalikuwa bado hayajafika. Asubuhi ile walikaa juu ya jabali, umeme haujarudi, na sauti za wanafunzi zilikuwa zinawafikia kutoka juu kama za watu wa ng'ambo nyingine. Mbali, katikati ya ziwa, kitu kama moshi kilikuwa kimeinuka, cheusi, chembamba chini na kipana juu, kikizunguka polepole.

"Kuna chombo kinaungua?" Deodatus aliuliza, akasimama.

"Hapana, mwalimu. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kwa makundi kama moshi." Kija alijifuta uso kwa kitenge. "Upepo ukiwaleta huku tutawameza. Mayu alikuwa anawachukia hao! Wakija wakati ameanika mpunga, wanaujaa wote. Alikuwa anatoka na ufagio katikati ya turubai anawapiga hewani, anawatukana. Majirani wanakuja kusikiliza."

"Anawatukana vipi?"

"Kwa Kisukuma."

"Anasemaje?"

Kija alifungua mdomo, akaufunga. Mabega yakaanza kumtikisika, na Deodatus alihitaji muda kidogo kutambua kwamba anacheka.

"Siwezi kulisema mbele yako, mwalimu," alisema. "Jamani. Siwezi kabisa."

Upepo ukageuka. Ule moshi ukainama kuelekea ufukweni, na walipouona unakuja, Kija akafungua kitenge chake, akampa Deodatus upande mmoja, wakajifunika vichwa vyote viwili, wakabaki wamekaa humo ndani wakiwasikiliza wadudu wanavyogonga kitambaa, wengi, wepesi.